Mnada Baada ya Ibada

Alikuwa tetea mweusi, shingo nyeupe pe,
ndiyo maana nikamwita Mchungaji.
Mama alinikanya mara mbili, ya tatu akacheka,
akaficha meno kwa pindo la kanga.

Jumapili ile ya mavuno, Mwika,
ukungu ukiwa bado umelalia migomba
kama mgeni asiyetaka kuaga,
Mama alimfunga miguu kwa gome kavu la mgomba.
"Tuna kitu gani kingine?" aliniuliza.
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na miaka minane
na viatu vya kaka yangu Aminieli
vilivyojazwa gazeti kwenye ncha.

Mahubiri siyakumbuki.
Nakumbuka Mchungaji akilalamika chini ya benchi,
na mchungaji mwingine, wa madhabahuni,
akinyamaza kidogo kumpisha.

Baba hakuwa akiingia kanisani.
Mwaka wa nne huo, tangu ugomvi wa mfongo,
zamu ya maji iliyoibwa usiku,
na aliyeiba, kwa kauli ya Baba,
ndiye anayepitisha kikapu cha sadaka.
Alitusindikiza mpaka kwenye ua wa masale,
akabaki nje na muwa wake na kisu,
akimenya polepole,
kama mtu anayesikiliza.

Tukatoka uwanjani kwenye mnada.
Mkungu wa mshare, mayai ndani ya kofia,
kibuyu cha maziwa kilichozibwa kwa gunzi.
Mzee Elinami ndiye aliyekuwa akinadi.
Akamwinua Mchungaji, kichwa chini,
mbawa zikafunguka kama joho.
"Elfu mbili!"
"Na mia tano!"
Nikatazama viatu.
"Elfu tano."
Sauti ilitoka ng'ambo ya ua.

Pale alipotakiwa kusema "mara ya kwanza",
Mzee Elinami hakusema.
Mkono wa Baba ulikuwa umepita juu ya masale,
na ndani yake noti ya chumvi na mafuta ya taa
imekunjwa mara nne.
Elinami akampelekea mwenyewe.
Hatua kumi na mbili, nilizihesabu.
Noti ikaja huku, kuku akaenda kule,
mikono yao ikakawia kidogo kwenye zile mbawa.
Basi. Hakuna aliyesema samahani.

Usiku tulikula ndizi zisizo na chumvi, gizani.
"Kundaeli," Mama akasema,
"umemnunua kuku wako mwenyewe."
"Nimemnunua kwa Mungu," Baba akajibu.
"Wewe ulishampa."
Kimya. Kisha nikasikia kitu kikitikisika,
nikadhani Mama analia.
Alikuwa anacheka, mkono mdomoni,
hadi Baba naye akashindwa.

Mchungaji aliliwa na kicheche kabla ya Krismasi.
Nasema tu, msije mkadhani ilikuwa hadithi ya aina hiyo.
Na Baba hakurudi kanisani Jumapili iliyofuata,
wala mwaka uliofuata.
Aliporudi alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango,
kama mtu aliyeacha ng'ombe njiani.

Sasa naishi Moshi mjini, Pasua,
maji yangu yanakuja na bili, hayana zamu.
Mama amelala kihambani tangu masika ya juzi.
Kuomba sikujui vizuri.
Nikifumba macho maneno yananikimbia,
nabaki na ule mkono juu ya masale,
mshipa wake, kucha zake zenye utomvu wa mgomba.

Jumapili iliyopita nilipeleka mkungu kanisani.
Ulipoinuliwa mnadani nikaunyooshea kidole,
nikapandisha, nikapandisha tena,
watu wakaanza kuguna.
Binti yangu, aliyerithi jina la Mama, Ndeonasia,
akanivuta shati.
"Baba, si huu huu tumekuja nao?"
"Ndio wenyewe."
Alinitazama kama ninayehitaji kupelekwa hospitali.
Halafu akashika upande wake wa mkungu,
nami nikashika wangu,
tukashuka nao hadi nyumbani,
tukipumzika kila baada ya nguzo ya umeme.